Anketi juu ya utawala wa zamani: kufunga mutu mumoja haitoshi



Kila mara utawala moja unaenda, ule unaoingia unatuambia: "Sasa tutafanya anketi juu ya mambo wakubwa wa zamani walifanya." Tunapiga makofi, myaka inapita. Sisi wa sendika tunauliza: hizi anketi zinasimamia wapi, na juu ya nini?

Tuanzie kwa Mobutu. Ku 1967 sendika zote ziliunganishwa kuwa moja tu, ile iliyoitwa kisha UNTZA, na ilikuwa mukono wa MPR. Mufanyakazi hakuwa na mahali pa kulalamika pasipo chama kusikia. Ku université, JMPR ilikuwa na masikio yake. Hapa Lubumbashi, ku Mei 1990, wanafunzi walipiga wenzao waliowazania kuwa wapelelezi wa Leta. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliingia ku campus, wakaua. Mobutu alikataa anketi ya kimataifa, na mpaka leo watu hawapatane juu ya hesabu ya waliokufa.

Kisha ikakuja Conférence Nationale Souveraine. Iliweka komisyo moja juu ya mauaji, ingine juu ya mali iliyoibiwa. Kazi ilifanyika. Lakini ku Desemba 1992 mukutano ulifungwa, na zile raporo hazikusomwa mbele ya wote.

Tuangalie sasa wakati wa Joseph Kabila. Constitution, kifungu cha 18, inasema mutu hawezi kufungwa zaidi ya saa 48 pasipo kupelekwa mbele ya muamuzi. Lakini ku kasho za ANR watu walipitisha majuma, hata miezi, pasipo avoka, pasipo jamaa kujua wako wapi. Ku 2019 Prezidenti Tshisekedi alisema zile kasho zifungwe. Ku 2021 watu waliosema waliteswa walishitaki Kalev Mutond, aliyekuwa mukubwa wa ANR. Angalia vizuri: ni watu wenyewe njo walienda ku parke.

Dosye ya Floribert Chebeya ni vile vile. Ku 1 Juni 2010 alienda ku ofisi ya mukubwa wa polisi. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya motokari. Maiti ya Fidèle Bazana, shofere wake, haijaonekana. Ilihitaji myaka 12 mpaka Mei 2022 ili Christian Ngoy Kenga Kenga ahukumiwe akiwa pale mwenyewe. Jenerali John Numbi, mwenye ofisi ile, alikuwa amekwisha kutoka inchi.

Na ku Septemba 2025 Kabila mwenyewe alihukumiwa kifo, hayuko pale. Lakini kesi ile ilikuwa juu ya M23 na vita ya mashariki. Wenye walilala ku kasho wangali wanangoja.

Juu ya nini inakuwa hivi? Juu anketi inatafuta mutu, haigusi sheria. Décret-loi ya 2003 iliyoumba ANR iliweka kwamba muamuzi aombe kwanza ruhusa ya mukubwa wa ANR mbele ya kufuata agent wake. Ni sawa na kuomba mwizi ufunguo wa nyumba yake. Galeri ikianguka, ukifukuza kapita tu na ukiacha mbao zilizooza, itaanguka tena, juu ya ekipi ingine. Mutawala mupya naye anapata mashini ile ile mukononi. Na kama anketi inashika tu wale waliogeuka adui wa utawala, hiyo ni kisasi.

Tunaomba mambo matatu: raporo za 1992 zisomwe mbele ya watu, kila sheria inayoficha agent nyuma ya mukubwa wake iondolewe, na wenye waliteswa wasikiwe, hata kama aliyewatesa leo ni rafiki ya utawala.

Na sisi tufanye yetu. Wakikamata mwenzetu juu ya grève ao juu ya maneno ya ku telefone, jamaa iandike saa, siku, mahali na jina la serviti. Muhesabu zile saa 48. Muite avoka na sendika siku ile ile. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua na telefone. Cha 28 kinasema hakuna mutu analazimishwa kutii amri mubaya inayoonekana wazi. Ile karatasi mutakayoandika leo, siku moja njo itakuwa anketi.