Mwenye Ndoto ya Bahari Aanzie Mtera

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa watu wanaotamani kuvuka bahari kwa tanga: kwamba mwenye nia ya kwenda mbali anunue tangu mwanzo chombo cha kwenda mbali. Asipoteze fedha kwa kijichombo cha kuchezea. Aweke akiba, asubiri hata kiinua mgongo, kisha anunue boti ya mita 12 yenye vitanda, jiko, injini na tangi la maji, ajifunzie humo humo huku akielekea Comoro, Shelisheli na kwingineko. Huku Dodoma imani hiyo ina pacha wake: kwamba mtu wa nyanda za kati, anayeishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam, hana la kufanya ila kungoja mpaka ahamie pwani. Imani hizi mbili humweka mtu nchi kavu kwa miaka mingi, na siku zinapomfikisha majini humfikisha akiwa hajui kitu, na chombo kinamzidi nguvu. Ninasema kinyume chake. Chombo cha kwanza ni mwalimu, na mwalimu huchaguliwa kwa wingi wa masomo anayotoa. Kwa hiyo kiwe kidogo, na kwa mkazi wa Dodoma kiwe kile anachoweza kukishusha katika Bwawa la Mtera Jumamosi asubuhi.

Tutazame kwanza jinsi mtu anavyojifunza kuutumia upepo. Katika boti ya mita 4 yenye tanga moja, upepo ukigeuka kidogo mwili hujua papo hapo: chombo hulala upande, kamba ya tanga huvuta mkono, usukani huwa mzito. Kosa na adhabu yake hufuatana kwa sekunde chache, na adhabu yenyewe ni ndogo. Boti ya tani 8 huficha makosa. Uzito wake humeza uzembe wa nahodha siku za upepo mwanana, kisha upepo unapochachamaa makosa yote hudaiwa kwa mkupuo. Hesabu yake si ngumu. Urefu wa chombo ukiongezeka mara 2 na umbo likabaki lilelile, eneo la tanga huongezeka mara 4, na uzito mara 8. Kamba iliyomtosha mtu mmoja kuishika kwa mkono sasa inahitaji makapi na mashine ya kuizungusha. Hakuna anayejifunzia udereva kwenye lori la tela, lakini ndivyo tunavyomshauri mtu afanye baharini. Ndiyo maana katika nchi nyingi watoto hufundishwa kwenye Optimist, kiboti cha mita 2.3 kilichobuniwa Marekani na Clark Mills mwaka 1947, na mabingwa wengi wa Olimpiki wa mchezo wa matanga walianzia humo. Pwani yetu nayo imeujua ukweli huo kwa karne nyingi: mtoto wa mvuvi huzoea mtumbwi na ngalawa kwanza, akaaminiwa usukani wa mashua baadaye.

Ushahidi wa wazi zaidi ulipatikana katika mashindano ya Golden Globe yaliyoanza mwaka 1968, ya kuizunguka dunia kwa tanga, mtu peke yake, bila kutia nanga katika bandari yoyote. Waliondoka mabaharia 9. Aliyemaliza ni mmoja tu, Robin Knox-Johnston, aliyefika Uingereza tarehe 22 Aprili 1969 baada ya siku 312. Chombo chake, Suhaili, hakikufika urefu wa mita 10. Kilikuwa kizito na cha mwendo wa taratibu, kimeundwa kwa mbao za mtiki huko Bombay, lakini yeye alikuwa ofisa wa meli za biashara aliyekwisha kukitoa India kwa tanga na kukifikisha Uingereza kwa kuizunguka Afrika. Alikijua ubao kwa ubao. Katika mashindano hayohayo alikuwemo Donald Crowhurst, ambaye uzoefu wake ulikuwa wa matembezi ya mwisho wa wiki. Aliondoka na chombo kipya cha matumbo matatu chenye urefu wa mita 12, kazi ya kukiunda ikiwa haijakamilika, huku biashara na nyumba yake vikiwa rehani. Kilianza kuvuja mapema, na Julai 1969 kilikutwa kikielea Atlantiki bila mtu ndani. Sisemi kwamba ukubwa wa chombo ndio uliomwangamiza. Ninasema kwamba ukubwa na upya wake havikumpa ujuzi ambao hakuwa nao, na deni la chombo lilimfungia mlango wa kurudi nyumbani.

Karibu zaidi na kwetu ni mfano wa Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa ufukweni, lililoundwa Lamu. Azma ya waanzilishi wake ilikuwa jahazi la mita 20 la kufika hadi Afrika Kusini, lakini hawakuanza nalo. Chini ya fundi Ali Skanda waliunda kwanza dogo la mita 9 hivi, likashushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri takriban kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mwaka 2021 jahazi hilohilo lilikuwa likikata mawimbi ya Ziwa Victoria, mamia ya kilomita kutoka pwani. Ikiwa mafundi na manahodha wa Lamu, wenye ujuzi waliorithi kizazi kwa kizazi, waliona busara kuanza na dogo, ni kwa hoja gani tunamwambia mtu asiyejua kukunja tanga aanze na kubwa?

Wapo watakaosema kwamba anayenunua kidogo leo na kikubwa kesho amenunua mara mbili. Hoja hiyo huhesabu bei ya dukani na kusahau gharama ya kukaa na chombo. Boti kubwa ya mkazi wa Dodoma itabaki Dar es Salaam au Tanga, ikilipiwa maegesho na mlinzi, huku viumbe vya baharini vikiganda tumboni mwake. Ikiwa ya mbao, minyoo itaitoboa. Si bure kwamba wenye vyombo pwani huvipandisha ufukweni mara kwa mara na kuvibabua chini kwa moto. Mwenyewe atakiona chombo chake siku za likizo, na nyingi kati ya hizo zitaishia katika matengenezo. Kidogo hukaa uani kwa mwenyewe, hurekebishwa na fundi wa hapa hapa, na kikiuzwa hasara yake haifilisi mtu. Lakini kichaguliwe kwa kufuata hali ya hewa ya hapa. Kiangazi cha Dodoma, kinachodumu Mei hadi Novemba, hukausha mbao mpaka viungo vinaachana, hivyo mashua ya mbao za kupigilia itapasuka kabla mvua haijarudi. Bora faibagilasi au plaiwudi ya majini iliyopakwa rangi vizuri, urefu wa mita 4 hadi 5, nyepesi kiasi cha kubebwa na watu wanne, tanga linaloweza kupunguzwa upepo ukizidi, makasia mawili, na maboya ya ndani yanayozuia isizame hata ikijaa maji.

Maji yapo. Mtera, lililojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, limezoeleka kutajwa kwa megawati zake 80 na kwa samaki wake, lakini likijaa ni ziwa la takriban kilomita za mraba 600, na wavuvi hulikata kila siku kwa mitumbwi. Hombolo, bwawa la tangu miaka ya 1950, liko ndani ya Jiji la Dodoma. Singida ina maziwa ya Singidani na Kindai pembeni mwa mji, katika mkoa ambao upepo wake umewavutia wanaopanga kuzalisha umeme. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma nyanda hizi siku baada ya siku, nao ni ndugu wa Kusi ileile iliyokuwa ikirudisha majahazi Oman na Ghuba. Mwenye boti ndogo hapa anaweza kupata mwisho wa wiki 20 au 30 majini kwa mwaka. Mwenye boti kubwa ya mbali hapati hata nusu yake.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: bahari huua wenye vyombo vidogo. Ni kweli, na hakuna anayemshauri mtu avuke mkondo wa Pemba kwa kiboti cha mita 4. Hata Mtera si pa kuchezea. Kuna viboko na mamba, kuna visiki vya miti iliyofunikwa na maji, na kina hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kulingana na mvua. Kwa hiyo zoezi la kupindua boti na kuisimamisha lifanyike kwenye bwawa la kuogelea au ufukwe salama, jaketi okozi livaliwe kila safari, wavuvi waulizwe njia, na chombo kikaguliwe kama taratibu za TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, zinavyotaka. Lakini tusidanganyane kwamba ukubwa ndio usalama. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018 vilikuwa vyombo vikubwa kuliko boti yoyote tunayoizungumzia hapa, na vilizama na mamia ya Watanzania kwa kujazwa kupita uwezo wake. Kinachookoa ni kujua kipimo cha chombo na kukiheshimu. Kipimo hicho hujifunzwa haraka zaidi pale ambapo kilo 20 zilizowekwa upande usiofaa huonekana mara moja.

Wengine watasema bwawa si bahari. Halina maji kupwa na maji kujaa, halina mawimbi makuu wala usiku wa kukosa nchi kavu machoni. Ninakubali, na ndiyo maana Mtera ni mwanzo tu. Lakini kwenda bisho, yaani kusonga mbele dhidi ya upepo, kupunguza tanga kabla ya dhoruba, kusoma mbingu, kufika gatini bila injini, kutengeneza kilichokatika kwa kilichopo, vyote hufundishika kwenye maji baridi. Yaliyobaki yafuatwe pwani, katika vyombo vya wenye ujuzi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari hiyo ni ya chini ya saa nne. Anayefika Bagamoyo au Unguja akiwa anajua kushika usukani atapewa kazi na mafunzo na manahodha, wakati anayefika na fedha tupu atapewa bei.

Kwa hiyo mwenye ndoto hii asiendelee kuilimbikizia akiba ya miaka 20. Anunue kidogo kiangazi hiki na akitumie kwa misimu miwili au mitatu, kisha ajitolee kuwa baharia kwenye vyombo vya wengine pwani. Hapo ndipo aulize ni chombo gani cha kumvusha bahari, kwa maana atakuwa anajua mwenyewe mikono yake inamudu nini na upepo gani unamshinda. Huenda jibu likawa boti ya mita 9 na si ya 12, na huenda akagundua kwamba anachokipenda ni Mtera yenyewe. Vyovyote itakavyokuwa, atakuwa baharia kabla ya kuwa mmiliki, na huo ndio utaratibu ambao bahari imewadai watu wake siku zote.