Nani kabaki na mtoto?

Najua nimepotea siku nyingi. Kazi za gazeti zimenikaba koo, na jioni nikirudi nyumbani sina hamu hata ya kushika kalamu. Ila leo nina dukuduku ambalo nisipolitoa litanipasua, na wa kwanza kuchapwa viboko ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Kilimanjaro Marathon, niliandika makala kuhusu mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa anajiandaa kukimbia kilomita 42. Niliandika kwa mbwembwe zote. Mhariri akaipa kichwa cha habari "Mama wa chuma", ikatoka na picha kubwa, watu wakanipigia simu kunipongeza. Ambacho sikusema ni kwamba mwalimu huyo ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba naishi kwake Tabata kwa sababu mshahara wa ripota hauwezi kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wahadhiri wangu wanisamehe, somo la maadili ya uandishi nililifaulu kwa alama nzuri tu.

Lakini hilo si kosa linaloniuma. Linaloniuma ni swali nililomuuliza dada siku ile, kinasa sauti kiko mezani kama vile hatujuani: "Mwalimu, unawezaje kuyamudu yote haya?" Alinitazama muda mrefu, kisha akanijibu kile alichojua nataka kusikia: nidhamu, kujituma, kumtanguliza Mungu. Nikaandika. Wakati namuuliza, sahani niliyolia mimi ilikuwa mbele yangu, na yeye ndiye aliyekuja kuiondoa.

Sasa niwaeleze jinsi anavyoyamudu, maana kwenye makala haikuwamo.

Saa 10 alfajiri anaamka. Saa 10 na nusu yuko barabarani kuelekea Segerea, giza bado, mbwa na walevi wa mwisho ndio wenzake. Siku za kazi anakimbia kilomita 8 au 10. Anarudi, anaoga, anachemsha uji, anamwandaa mpwa wangu, anapiga pasi nguo za shemeji, na kabla ya saa 1 awe shuleni kusimamia paredi kama ni mwalimu wa zamu. Darasa lake lina watoto zaidi ya themanini. Mtu ambaye hajawahi kusahihisha madaftari themanini ya hesabu kwa siku moja asinieleze habari ya uchovu. Jioni kuna maandalio ya somo la kesho. Mwezi Januari shule zikifunguliwa kuna maazimio ya kazi, na Januari hiyohiyo ndiyo mazoezi ya marathon yanafika kileleni, maana mbio zenyewe huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Jumapili kuna mbio ndefu, kilomita 25 hadi 30, ambayo lazima iishe kabla ya ibada.

Na Desemba je? Mtasema kuna likizo. Likizo gani? Shemeji ni mtu wa Rombo, na mnajua Desemba Wachagga wote wanapanda nyumbani. Kule mke wa mtoto ana kazi zake zinamsubiri jikoni. Dada alikuwa anatoroka alfajiri kupanda vilima, akirudi anakuta maneno yamemtangulia: mke wa fulani anakimbizwa na nani? Mama mkwe, nimpe haki yake, hakumkataza. Aliuliza swali moja tu: nani kabaki na mtoto?

Hilo swali nimelibeba mwaka mzima, kwa sababu shemeji naye ni mwanamichezo. Kila Jumamosi jioni anacheza mpira wa veterani, na mechi ikiisha wanakaa kidogo, na hicho kidogo mnakijua. Sijawahi kusikia mtu yeyote, awe mkwe, jirani, au mimi na kinasa sauti changu, akimuuliza nani kabaki na mtoto. Nimeripoti michezo, nimehoji wanariadha wa kiume wenye watoto wanne. Nawauliza muda wao bora, kocha wao, viatu vyao. Sijawahi kumuuliza hata mmoja anavyomudu kuwa baba.

Najua mtaniletea mifano. Catherine Ndereba wa Kenya alikuwa tayari mama alipovunja rekodi ya dunia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47. Mary Keitany alikuwa na watoto wawili aliposhinda London mwaka 2017 kwa 2:17:01. Peres Jepchirchir alijifungua mwaka 2017, mwaka 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia Tokyo. Hata upande wa walimu wapo: Grete Waitz wa Norway alikuwa mwalimu Oslo alipokwenda New York mwaka 1978, akashinda marathon yake ya kwanza kabisa. Mifano mizuri, nami ninaitumia. Lakini kwa bingwa wa leo mbio ndiyo kazi yenyewe. Akikimbia asubuhi yuko kazini, na akilala mchana bado yuko kazini, maana kupumzika ni sehemu ya mazoezi. Dada yangu akikimbia anahesabika ameiba muda wa watu, na mchana wake uko mbele ya ubao. (Waitz mwenyewe hakuwa na mtoto wa kumwachia mtu.) Tukimwambia dada "mbona Jepchirchir kaweza" tunamtwisha mzigo mwingine juu ya ule alionao.

Na tusisingizie mila peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Siku tatu jamani, hata kitovu cha mtoto hakijadondoka! Mama akirudi kazini sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ambazo kwa foleni ya Dar zinaishia kwenye daladala. Sisemi sheria ndiyo inayomkataza shemeji kupika uji. Ila nyumba ikiambiwa na nchi nzima tangu siku ya kwanza kwamba mtoto ni wa mama, na baba ni mgeni wa siku tatu, tusishangae mtoto akifika miaka mitatu mambo yakiwa yaleyale.

Kuna mtu mwingine sikumwandika, na huyu ndiye aibu yangu kubwa. Binti wa kazi. Miaka 19, katoka Singida. Dada alipokuwa Segerea gizani, aliyekuwa amelala na mtoto ni yeye. Jumapili ya mbio ndefu, anayeamka na mtoto ni yeye, kwa mshahara ambao nikiutaja hapa nitaonekana nimetukana. Siku ya mashindano alibaki Dar na mpwa wangu wakati sisi tuko Moshi tunapiga picha. Dada alimaliza kwa saa 4 na dakika 51, baada ya kile kilima cha kwenda Mweka kumtoa roho, na mimi nikalia pale uwanjani kama mtoto. Ile medali ingekuwa na haki ingekatwa vipande viwili. Kwenye makala yangu ya maneno mengi binti huyo hakupata hata sentensi moja. Chuma kilichomshika mama wa chuma nilikiona kila siku kikideki sebule, nikaruka miguu yake nisichafue viatu.

Novemba mwaka jana binti aliitwa kwao, akaondoka, na safari hii hakurudi. Ndipo nikaona jengo lote lilivyokuwa limesimama juu ya nguzo ipi. Wiki ya kwanza dada alijaribu kukimbia usiku baada ya mtoto kulala. Wiki ya pili akakimbia mara moja. Wiki ya tatu viatu vilikuwa juu ya kabati. Hakulalamika, hakugombana na mtu. Siku moja jioni anasahihisha madaftari nikamuuliza kama atajiandikisha tena, akasema bila kuinua kichwa, "Mdogo wangu, mwaka huu nimechoka, wacha wengine wakimbie."

Mimi ni mtu wa maneno, nikatafuta maneno. Nikamwambia yeye ni shujaa, wanafunzi wake wanamtazama, tangu enzi zake za UMISSETA alikuwa hakamatiki. Akaniacha nimalize. Kisha akaweka kalamu chini akaniambia, "Hizo sifa ulishaniandikia. Unajua uji wa mtoto unapikwaje?"

Sikujua. Miaka 26, digrii ukutani, na sikujua.

Basi tukakaa kikao, sisi watatu, mezani. Nilitegemea shemeji atakasirika, kumbe alikuwa kimya tu, anachezea funguo. Dada hakuomba mengi: asubuhi nne kwa wiki mtu mwingine awe macho na mtoto. Mimi nimechukua mbili, Jumanne na Alhamisi. Shemeji amechukua Jumapili, akasema ile nyingine tutaona. Tutaona ya shemeji yangu naijua, lakini Jumapili iliyopita aliamka kweli, na mechi ya Jumamosi alirudi mapema. Kuhusu binti mwingine wa kazi, dada amesema akija atalipwa vizuri na atakuwa na siku yake ya mapumziko. Mchango wa mshahara huo umewekwa na jina langu pia, maana chakula cha bure kimekwisha.

Uji nimeunguza mara mbili. Mpwa wangu anaukataa kwa sababu una mabonge, anasema anataka wa mama. Juzi nilifika kazini nimechelewa, shati lina doa, mhariri akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa na mtoto. Akacheka sana, akauliza mama yake yuko wapi.

Dada bado hajajiandikisha, anasema anasikilizia mwili. Lakini viatu vimeshuka kutoka juu ya kabati. Kesho Alhamisi, nimetega simu saa 10 kamili.