Mamluki si Shujaa



Juzi, baada ya sala ya Isha, nilitoka kibarazani hapa Temeke nikamkuta mjukuu wangu amezungukwa na wenzake, anawasimulia sinema aliyotoka kuitazama katika banda la video kule Tandika. Mabanda haya vijana wanayaita vibanda umiza, na ukikaa saa mbili juu ya mabenchi yake hutauliza jina hilo limetoka wapi. Sinema ni za kigeni, lakini yuko msimulizi anayezitia Kiswahili, na wallahi baadhi yao wana ulimi mtamu kuliko waliozitunga. Hii ilikuwa sinema ya zamani, The Wild Geese, ya mwaka 1978. Askari hamsini wa kukodi, wengine wamekwisha kuota mvi, wanaruka kwa miavuli usiku katika nchi ya Kiafrika isiyokuwako katika ramani, wanamtoa kifungoni rais mweusi aliyepinduliwa, kisha tajiri wa London aliyewatuma anawasaliti, na ndege iliyokuja kuwachukua inaondoka bila wao. Wanakufa mmoja mmoja huku wakifanyiana mzaha.

"Babu," akaniambia mjukuu wangu, "wale ndio wanaume. Mimi nikiitwa popote nakwenda, hata bila mshahara."

Kijana huyu ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na hana kazi. Maneno ya kijana wa namna hiyo si ya kuchekwa.

Nami nilinyamaza, msomaji, kwa sababu nilikuwa na deni. Katika miaka ya themanini niliitazama sinema hiyo hiyo kwa kaseti ya kuazima, nyumbani kwa rafiki yangu Magomeni, na nikarudi kwa miguu mpaka Temeke nikipiga mluzi wa wimbo wake. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili! Kwa hiyo siandiki haya kama mtu aliyekaa juu ya mimbari. Naandika kama mtu aliyepata kudanganywa na akafurahia.

Basi na tuulize hadithi hii imetoka wapi, kwani Sura ya Hujurat imetuamrisha tuhakikishe habari tunayoletewa na fasiki, na sijui kwa nini tumedhani kuwa habari ikiletwa na sinema haimo katika amri hiyo. Sinema ilitokana na kitabu cha Daniel Carney, mwandishi wa Rhodesia. Ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa utawala wa Makaburu. Na mtu aliyeajiriwa awe mshauri wa mambo ya kijeshi ni Mike Hoare, ambaye kazi yake ya umamluki ilifanyika hapa jirani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Wazee wenzangu wanakumbuka. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliiteka mashariki ya Congo pamoja na mji wa Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani. Waziri Mkuu Moise Tshombe akaajiri mamluki wa kizungu, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, na Hoare akawa mkuu wa kikosi chao kilichoitwa Komando ya 5. Wamarekani walitoa ndege, na Wabelgiji walitoa askari wa miavuli walioshuka Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964. Sisemi kuwa Simba walikuwa malaika. Waliwashika raia wakawafanya mateka, na waliwaua Wakongomani wenzao kwa maelfu. Lakini wizi wa mabenki na mauaji ya wafungwa yaliyofanywa na mamluki yaliandikwa na waandishi wa habari wa Ulaya wenyewe. Hoare akaandika kitabu chake mwaka 1967, na miaka kumi baadaye akakaa pembeni ya kamera akawafundisha waigizaji jinsi ya kuonekana wanaume. Muuaji amekuwa shahidi katika kesi yake mwenyewe, na sisi tumelipa kiingilio ili tumsikilize.

Wala haikuwa sinema ya kwanza. Wilbur Smith aliandika riwaya yake ya mamluki wa Congo, The Dark of the Sun, mwaka 1965, wakati maiti hazijakauka. Mwaka 1968 ikawa sinema, nayo ikapigwa Jamaica! Congo ya Jamaica, msomaji, kwa sababu ya kwetu ilikuwa bado inaungua. Ukiipata itazame, halafu ujaribu kuhesabu ni wangapi katika watu weusi wanaoanguka mle walio na jina.

Hapo kijana mwerevu atanipinga. Atasema: "Hao walilipwa. Lakini je, aliyekwenda kwa kujitolea, bila fedha, kwa ajili ya kuwasaidia wanyonge?" Swali hili ni zito, nami sitalikimbia, kwa sababu mtu wa namna hiyo alipita katika mji wetu huu.

Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara aliingia Dar es Salaam kwa siri, amenyoa ndevu na kubadili sura, akasafiri mpaka Kigoma, akavuka ziwa usiku kwenda kuwasaidia Simba. Yeye na wakubwa wenzake wawili walijipa majina ya hesabu yetu: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wao wote, akawa Tatu. Wacuba waliomfuata walizidi mia moja. Hawa hawakuja kutafuta almasi. Niya anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, lakini kwa dhahiri ya mambo walikuja kwa imani yao, na wengine wakafa kwa ajili yake. Nini kilitokea? Wakuu wa waasi wengi walikuwa mijini wakigombana, ilhali wapiganaji wako milimani wana njaa. Wapiganaji waliamini dawa ya waganga iligeuza risasi kuwa maji. Walipoambiwa wabebe mizigo walijibu kuwa wao si magari, na baadaye kwamba wao si Wacuba. Jibu hilo wengine hulicheka. Mimi naliona lina fahamu kubwa ndani yake: aliyekuja kumkomboa mtu amekuta mtu mwenyewe ana maoni yake. Na upande wa pili wa vita hiyo hiyo, ndege zilizowatupia mabomu ziliendeshwa na Wacuba wengine, maadui wa Castro, waliolipwa na shirika la ujasusi la Marekani. Wacuba walivuka bahari kuja kupigana na Wacuba juu ya vichwa vya Wakongomani wa Fizi na Baraka.

Novemba 1965 Che alirudi Kigoma kwa mashua, ameshindwa. Akakaa kwa siri katika ubalozi wa Cuba hapa Dar es Salaam, na humo akaandika kitabu cha vita hivyo, akikiri tangu mwanzo kwamba anaandika habari za kushindwa. Kitabu kilikaa miaka thelathini na zaidi ndipo kikatolewa kamili. Nampa heshima yake kwa hilo. Ni wachache wanaokubali makosa kwa kalamu yao wenyewe. Lakini tazama watunga sinema walivyofanya. Mwaka 2008 Steven Soderbergh alitoa sinema ya Che yenye sehemu mbili ndefu, zaidi ya saa nne kwa jumla. Sehemu moja ni Cuba, alikoshinda. Nyingine ni Bolivia, alikouawa. Miezi ya Congo imerukwa. Ushindi unauza tikiti, na kifo cha kishujaa kinauza tikiti, lakini mtu aliyekuja kusaidia, akashindwa, akaondoka akawaacha wenyeji na moto wao, huyo hana mnunuzi. Nasi watu wa mwambao na wa ziwa ndio tulioishi katika sehemu hiyo iliyorukwa.

Hoare hakuacha ufundi wake. Tarehe 25 Novemba 1981 alitua Seychelles na watu zaidi ya arobaini waliojifanya chama cha wanywaji pombe, bunduki zimefichwa mikobani chini ya vitu vya kuchezea watoto. Mtu wa forodha akaiona moja. Baada ya mapigano uwanjani waliteka ndege ya Air India wakakimbilia Durban, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka kumi, ingawa mwaka 1985 alikuwa nje. Alifariki mwaka 2020, amefikisha miaka mia moja.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi sisi Waislamu ni cha Ngazija. Bob Denard, Mfaransa, alikuwa naye katika mamluki wa Congo. Mwaka 1975 alimfanyia kazi Ali Soilih, akamsaidia kumkamata Ahmed Abdallah. Mei 1978 akarudi kwa meli na watu kama hamsini, safari hii kwa niaba ya Abdallah yule yule, akampindua Soilih yule yule, na Soilih akauawa kabla mwezi haujaisha. Kisha Denard akasilimu, akajiita Said Mustapha Mahdjoub, akaoa wanawake wa kisiwani, na kwa miaka kumi na moja Walinzi wa Rais waliokuwa chini yake, wanaolipwa na Afrika Kusini ya Makaburu, wakawa ndio serikali hasa. Tarehe 26 Novemba 1989 Rais Abdallah alipigwa risasi katika nyumba yake mwenyewe, na Denard alikuwamo chumbani. Mahakama ya Paris ilimwachia huru kwa kosa hilo mwaka 1999, na mimi sitahukumu pale mahakama ilipomwachia. Nauliza tu: mlinzi huyo alikuwa analinda nini?

Na lazima tuseme hata linalotuuma. Mwaka 1978 wako Waislamu Ngazija waliojitokeza mabarabarani kumshangilia Denard. Soilih alikuwa amewaudhi masheikh na kuvunja mila, vijana wake wamewadhalilisha wazee, na watu walichoka. Nawaelewa. Lakini walimpokea mamluki kama mkombozi wa dini, wakasahau ni huyo huyo aliyemtia nguvu Soilih miaka mitatu kabla. Neno mamluki, ukilirudisha katika Kiarabu, ni mtu anayemilikiwa. Mtu anayemilikiwa humfuata mwenye kumiliki, hata akivaa kanzu.

Utasema haya ya kale yana haja gani leo? Yana haja kubwa. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, inaungua, na vijana wa Kitanzania wamekutwa katika wapiganaji wanaochoma vijiji vya Waislamu wenzao kwa jina la Uislamu. Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto ukafika Kitaya, Mtwara. Januari 2023 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilithibitisha kwamba kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko, alikubali kupigana na kikosi cha Wagner ili apate uhuru wake, akauawa Ukraine. Mbinu zinatofautiana: mmoja anaahidiwa pepo, mwingine fedha, mwingine kufunguliwa jela. Lakini picha inayotangulia mbele ya ahadi ni moja, ya mwanamume mwenye bunduki katika nchi ya watu, wimbo unapigwa nyuma yake. Picha hiyo mtoto hakuipata kwa anayemwita. Aliipata Tandika, kwa kiingilio kidogo, na sasa anaipata katika simu yake akiwa kitandani.

Wala waandishi wetu wasijitoe. Marehemu Elvis Musiba alimtunga Willy Gamba, na tulimpenda kwa sababu safari hii Mwafrika ndiye aliyewashinda Makaburu. Lakini naye alitupa mauaji yaliyokolezwa kwa pombe na warembo. Tulibadili rangi ya shujaa tukaacha hadithi ilivyo.

Sikuambii uvunje televisheni. Nilikwisha kujaribu kukataza, na mtoto akaenda kutazama Mbagala. Nakuambia ukae naye, umwache amalize kusimulia, halafu umuulize ni nani aliyelipa, na yule aliyeanguka pale mlangoni bila kusema neno alikuwa baba wa nani.

Ndivyo nilivyofanya usiku ule, wenzake walipoondoka. Nikamweleza habari za mama yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akiishi Ujiji. Mwaka 1965 alimpokea nyumbani kwake mwanamke aliyevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Baraka, na watoto wawili na sufuria moja. Alikaa naye miezi minane. Alipoulizwa ni nani waliochoma nyumba yake, Simba, au wazungu, au serikali, mama yule alikuwa na jibu moja tu: "Wageni." Hakuwatenganisha. Akafunga mkeka mwingine wa kuuza, maana alikuwa fundi wa mikeka.

Mjukuu wangu alikaa kimya, kisha akauliza: "Anaitwa nani?"

Sikuwa na jina lake. Miaka yote hii nimekisimulia kisa hicho, na mamluki wale nawajua kwa majina yao yote mawili, hata yule aliyejibadilisha. Asubuhi yake nilimpigia simu binamu yangu Ujiji. Naye halijui, lakini anasema yuko bibi mmoja mtaani kwao aliyesuka mikeka naye, na Ijumaa atakwenda kumuuliza.