Mwarobaini Hauchanji Kuku

Chupa ni ya lita moja, ndani maji ya kijani yenye machicha chini. Lebo inajigamba: kinga asilia ya broila, hutibu mdondo, gumboro, mafua na kuharisha damu. Kipimo? Mfuniko mmoja kwa ndoo. Ndoo ya lita ngapi, haisemi. Ndani mna majani gani na kwa uzito gani, haisemi. Mfugaji wa Chanika analipa, anarudi bandani na matumaini, na wiki ya nne anashika jembe kuchimba shimo la mizoga.

Huo ni wizi, hata kama mwizi mwenyewe anaamini anachokiuza.

Na asije mtu kunisingizia kwamba naponda mitishamba. Kitunguu saumu kina nguvu kweli dhidi ya bakteria. Ila nguvu hiyo hutoka kwa alisini, kemikali inayotokea punje ikipondwa mbichi. Ukiitumbukiza nzima kwenye maji yanayochemka, umeshaua kimeng'enya kinachoitengeneza. Anayekuuzia saumu iliyochemshwa anakuuzia harufu. Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa antibayotiki za kukuzia mifugo, tarehe 1 Januari 2006, watengenezaji wa vyakula vya kuku waliyakimbilia mafuta ya mimea kama oregano, wakayapima kwa gramu kwa kila tani ya chakula. Lakini kuchanja hawakuacha. Sisi tumechukua majani, tukatupa mizani na sindano.

Gumboro ndiyo inayoniudhi zaidi. Kirusi chake hushambulia kifuko cha Fabrisia, kilicho juu kidogo ya tundu la haja, mahali zinapokomaa chembe za kinga za kuku. Hupiga hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita. Broila anaishi wiki ngapi? Tano, sita. Akiponea chupuchupu, kinga yake imeshavurugika, hata chanjo ya mdondo inaweza isishike vizuri. Gumboro haina tiba, ya hospitali wala ya porini. Kinachosaidia ni chanjo kwa wakati wake na banda safi. Sasa mtu anayemwambia mama mwenye vifaranga mia tano kwamba mwarobaini unatosha, anamtakia nini?

Wapo pia wajanja wanaochanganya chanjo na majani kwenye chombo kimoja, eti nguvu zijumlishwe. Chanjo ya kwenye maji ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Haitaki klorini ya bomba, haitaki masalia ya sabuni, na mchuzi wa majani nao usiukaribie. Umenunua chanjo, umeibeba kwenye barafu, kisha unaiua mwenyewe kwa mkono wako!

Halafu tuseme la chakula, maana hapo ndipo unafiki ulipojificha. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hushusha kinga ya kuku pia. Mahindi yakikataliwa kwa ugali, yanapelekwa wapi? Yanasagwa, yanachanganywa na mashudu, yanawekwa kwenye kiroba. Unamlisha kuku ukungu asubuhi, jioni unamnywesha mlonge umrudishie kinga. Ni kukinga maji kwa pakacha.

Najua kwa nini mfugaji anaikimbilia chupa. Bwana mifugo haonekani, na duka la dawa linampa antibayotiki kwa kila kikohozi, hata cha kirusi kisichojali antibayotiki, bila kumwambia asubiri siku ngapi kabla ya kuchinja. Amechoka kudanganywa na wenye makoti meupe. Basi asidanganywe na wenye majani mabichi! Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inasajili dawa za mifugo. Chupa inayojiita tiba ya gumboro ingepaswa kubanwa kama dawa nyingine yoyote, badala ya kupita mlangoni kwa jina la asili.

Kwa muuzaji nina ombi dogo. Achukue boksi moja la vifaranga mia, agawe hamsini kwa hamsini. Wote wachanjwe, wote wale kiroba kimoja, wote walale kwenye randa kavu. Nusu wapewe chupa yake, nusu maji matupu. Siku ya 35 awapime na kuhesabu vifo mbele ya wafugaji wa mtaa wake, kisha arudie kwa boksi la pili na la tatu. Mizani tutamwazimia buchani.