Fedha za Kutengeneza Barabara Zitengeneze Barabara



Mara nyingi husikika mkulima akisema, "Barabara za Nairobi ni shauri la watu wa Nairobi." Maneno hayo si sawa. Viazi vya Kinangop na mchele wa Mwea havimalizwi na majirani zako. Huliwa Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na mitaa mingine ya Eastlands, na safari ya gunia haiishi mpaka lifike huko.

Lori likitoka Jogoo Road na kuingia ndani ya mitaa, hukuta mashimo yaliyojaa maji na mitaro iliyozibwa na takataka. Springi ikivunjika, viazi hulala njiani na kulowa. Mchuuzi hagombani na shimo. Yeye hupunguza bei, na hasara hiyo inarudi skimuni kwako.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa maana barabara hizi hatuzitumii bure. Sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru juu ya mafuta ya magari, ili upatikane mfuko wa kutengeneza barabara. Mwezi wa Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka Shs. 18/- hadi Shs. 25/- kwa lita. Tuseme lori limebeba magunia 100, nalo limetumia lita 40 kwenda na kurudi. Lita 40 mara Shs. 25/- ni Shs. 1,000/-. Gawanya kwa magunia 100: kila gunia limelipa Shs. 10/-. Wewe huoni risiti, lakini fedha hizo zimo ndani ya nauli unayokatwa.

Fedha hizo hukusanywa katika mfuko mmoja, na Bodi ya Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, huzigawa kwa wanaohusika na barabara kuu, za vijijini na za mijini. Mpango huo ni mzuri. Lakini mwaka 2024 wabunge na magavana walibishana juu ya Shs. bilioni 10.5 za mfuko huo, nani azishike. Shimo halijui kama ni la Kaunti au la Serikali Kuu. Wao wakibishana, lenyewe linapanuka.

Tena mwaka 2025 Serikali iliweka rehani Shs. 7/- katika zile Shs. 25/-, ili ipate fedha za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Ondoa 7 katika 25, zinabaki 18, yaani kiasi kile kile cha kabla ya Julai 2024. Katika Shs. 10/- za gunia lako, Shs. 2/80 zilikwenda kulipa madeni.

Sisemi madeni yasilipwe. Mkandarasi asiyelipwa huacha kazi nusu, na mashine zake hulala. Ninalosema ni kwamba deni la kujenga lisiwe desturi ya kula posho ya kutengeneza. Mkulima mwenye akili hauzi mbegu ili alipe deni la jembe.

Angalieni jinsi barabara inavyokufa. Maji huingia katika ufa mdogo wa lami, udongo wa chini hulainika, magurudumu hukandamiza, na ufa huwa shimo. Huko kwenu kwenye changarawe, mgongo wa barabara ukilala, maji hufuata njia ya magurudumu na kuchimba korongo. Kalvati likiziba, maji hupita juu na kuchukua udongo wa pembeni, kisha daraja lote huondoka. Tuliona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalivyokata barabara na madaraja katika sehemu nyingi za nchi. Mvua kubwa haizuiliki, lakini mtaro uliozibuliwa mapema huokoa mengi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo yafaa mdai haki yenu kwa adabu na bila kuchoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Chama chenu cha ushirika kiandike barua kwa Kaunti na kwa Mamlaka ya Barabara za Vijijini, KeRRA, kuuliza: mwaka huu barabara yetu imepewa shilingi ngapi, kwa kazi gani, na nani aliyepewa kazi hiyo? Mkiitwa katika baraza la makadirio ya fedha, nendeni, msiwaachie wenye maduka peke yao. Ombeni mitaro na kalvati kwanza, ndipo muombe lami. Na wakazi wa Eastlands waulize vivyo hivyo kwa Kaunti ya Nairobi na kwa KURA, ambayo ni Mamlaka ya Barabara za Mijini.

Nasi tufanye sehemu yetu. Usilime mpaka ukingo wa barabara, wala usitupe mabua mtaroni. Zibua mtaro ulio mbele ya shamba lako kabla ya masika. Aliyefanya hivyo ana uso wa kuwauliza wakubwa: zile shilingi kumi za gunia langu ziko wapi?