Umoja Usiogeuka Tope

Kwa miezi kadhaa sasa ninajifunza kuchora mandhari kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa vitone ulioasisiwa na Mfaransa Georges Seurat. Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Niliweka vitone vya rangi ya chungwa juu ya buluu iliyokuwa bado mbichi. Brashi ikazivuruga, na anga ya machweo ikageuka tope. Rangi za mafuta hukawia kukauka, na mtindo huu haumsamehe asiyesubiri.

Seurat alitumia takriban miaka miwili, 1884 hadi 1886, kuchora picha yake mashuhuri ya kisiwa cha La Grande Jatte, yenye upana wa mita 3 hivi. Alinufaika na maandishi ya mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris. Kiwandani humo palizuka malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Chevreul akabaini kuwa nyeusi haikuwa na kasoro. Ilififishwa machoni na rangi zilizopakana nayo. Katika kitabu chake cha 1839 alifafanua kanuni hiyo: chungwa na buluu zikikaa bega kwa bega, kila moja huikoleza nyingine. Zikichanganywa, zote mbili hufa.

Tunapohubiri umoja majukwaani, aghalabu tunamaanisha huko kuchanganya. Mwanafunzi mwenye swali huitwa mkorofi. Mtumishi mwenye rai tofauti huambiwa anavuruga kikao. Kisha tunashangaa kwa nini maamuzi yetu yana rangi ya tope.

Atakayesema kuwa vitone bila mpango ni madoa tu hajakosea. Seurat alitangulia kufanya michoro mingi ya majaribio. Mpango wa picha, kama katiba iliyo njema, hukipa kila kitone nafasi bila kukinyang'anya rangi yake.

Basi tuanze na jambo dogo: kumbukumbu za vikao vyetu ziandike pia hoja zilizoshindwa, pamoja na sababu zake. Na kabla ya kumwita raia dhaifu au mkaidi, tufanye alivyofanya Chevreul: tuchunguze kwanza tumemweka kando ya nini.