Kichwa cha mhusika nacho husema

Si zamani sana nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika mashindano ya drama ya shule za upili. Mchezo mmoja ulisawiri kijiji cha Wakikuyu wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1954, raia walipohamishwa kwa nguvu na kulazimishwa kuchimba mahandaki. Msichana aliyeigiza mjane mzee alijitokeza na nywele za bandia, nyororo, zilizomwagika hadi mabegani. Alipoinama na jembe huku akimlilia mwanawe, nywele zile zikamponyoka, zikaanguka. Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Mimi sikucheka. Chini ya nywele zile palikuwa na kichwa kilichonyolewa kama kanuni za shule yake zilivyoagiza, na kwa muda mfupi nilimwona mjane halisi wa enzi ile. Wanawake wengi wa Kikuyu wa umri wake, hasa wa mashambani, walinyoa vichwa au walijifunga vitambaa. Msichana alikuwa na kichwa kinachofaa, akakifunika kwa kitu cha dukani. Aliziokota kwa haya, akazivaa tena, na mjane yule akatoweka.

Simlaumu mtoto. Lawama ni yetu sisi walimu. Twahangaikia matamshi, miondoko na maleba kwa wiki nyingi, lakini nywele twazikumbuka dakika ya mwisho. Tukimtaka mzee, twampaka mwigizaji unga kichwani. Tukimtaka mwanamke wa kale, twaazima chochote kilicho kirefu. Kisha twashangaa kwamba wahusika wetu wote wafanana.

Kwa kuwa taaluma yangu ni isimu, naomba niufafanue mkasa huu kwa mfano wa lugha. Sarufi ni mali ya jamii nzima, ilhali kila msemaji hutunga sentensi zake mwenyewe. Nywele nazo ni vivyo hivyo. Waswahili waliuita msuko mmoja "twende kilioni", jina ambalo lenyewe ni sentensi. Basi anayebuni nywele za mhusika hana budi kujiuliza maswali mawili, na kwa utaratibu huu. Kwanza, watu wa wakati ule, wa umri ule na hadhi ile, walitengeneza vipi nywele zao? Pili, mtu huyu mmoja, kwa tabia yake, aliifuata kanuni hiyo au aliivunja? Enzi hutupa sarufi. Tabia ndiyo itungayo sentensi.

Hebu tuwatazame makarani wawili wa ofisi ya serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Sarufi yao ni moja: nywele fupi, na njia iliyochongwa kwa wembe upande mmoja wa kichwa. Wa kwanza njia yake imenyooka kama rula, nayo hurudiwa kila Jumamosi; ni mtu anayejipenda na anayetamani kupandishwa cheo. Wa pili njia yake imeanza kufukiwa na nywele zinazoota. Je, amechoka, ana deni, au moyo wake umeanza kuhamia msituni? Hadhira itajiuliza hayo kabla hajafungua kinywa.

Au tuchukue tamthilia ya Mzalendo Kimathi, ambayo kwa Kiingereza ilitolewa mwaka 1976 na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo. Picha za Dedan Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956 zinamwonyesha akiwa na nywele ndefu zilizosokotana, na sanamu yake iliyozinduliwa jijini Nairobi mwaka 2007 imezihifadhi. Wakoloni waliziona nywele hizo kuwa dalili ya ushenzi. Kwa wengi wetu ni alama ya kiapo na ya miaka ya msituni. Mwelekezi anayemleta Kimathi mahakamani akiwa na kichwa nadhifu amekwisha kumnyamazisha nusu.

Tena nywele hubadilika pamoja na maisha. Moran wa Kimaasai hufuga nywele ndefu zilizopakwa ngeu, na katika sherehe ya eunoto mamake humnyoa. Mchezo utakaomwonyesha kabla na baada ya wembe utakuwa umesimulia mwisho wa ujana bila maneno mengi.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wausome mchezo na waandike kila sentensi inayogusa kichwa cha mhusika. Watazame picha za enzi hiyo, wawaulize nyanya zao. Katani iliyotiwa rangi nyeusi, au uzi wa sufi, hutengeneza nywele za kutosha. Mwigizaji azivae tangu mazoezi ya mapema, kwa maana kichwa kizito hubadili hata mwendo wa shingo, na mwalimu aketi safu ya nyuma kabisa aone kama zinasomeka na kama hazifichi uso. Na pale ambapo kichwa cha mwanafunzi kinafaa jinsi kilivyo, kiachwe wazi.

Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Nimeiona shule moja ikinyolewa jukwaani mbele ya umati. Walimu wenzangu, msimu ujao wa drama tutie maji mapema.